Tulimtafuta Shetani, Tukampita Dalali

Mwaka 2012, mwigizaji Steven Kanumba alipofariki mwezi Aprili, uvumi wa Freemason, chama kilichosemwa ni cha wafuasi wa shetani, ulifika mpaka vijiwe vya Moshi, na kwa miezi kadhaa hukuweza kunyolewa bila kinyozi kukuonyesha piramidi kwenye noti ya dola. Andy Chande, aliyekuwa kiongozi wa Freemason Afrika Mashariki, hakuwahi kujificha. Alikuwa ameandika kitabu cha maisha yake na alihojiwa na vyombo vya habari. Haikusaidia kitu. Mtu anayekiri mchana kweupe huharibu utamu wa stori.

Ushahidi uliokuwa ukitembezwa kwenye flashi na simu ulikuwa video ya muziki, "Bad Romance" ya Lady Gaga. Watu wa mavazi meupe, macho yamefunikwa, wanatoka kwenye vitu vinavyofanana na majeneza. Msalaba mwekundu. Mwanamke ambaye uti wa mgongo unakaribia kutoboa ngozi. Mifupa ya mtu aliyeungua kitandani. Mwenye kuonyesha alisimamisha picha, akagusa kioo kwa kidole, akauliza: umeona? Kijiwe kizima kikaitikia kwamba kimeona.

Kuna kitu kingine kilichokuwa kwenye kioo hicho hicho na hakikutajwa na yeyote. Wanaume wamekaa, mbele yao kompyuta, na wanapandishiana bei ya mwanamke anayecheza mbele yao. Hakuna alama ya kufumbua pale, wala haihitaji mtaalamu wa pembetatu. Anauzwa.

Video ile inatisha, na ilitengenezwa itishe. Ninachobishia ni jibu letu kuhusu kinachotisha ndani yake. Tuliigeuza habari ya biashara kuwa habari ya kuzimu, na kuzimu kuna nafuu yake, maana hakuna jirani yako anayeishi huko. Dalali na mnunuzi ni watu. Wana majina, wana magari, wengine tunawapa viti vya mbele kwenye harusi.

Sehemu ya lawama naiweka kwenye mtandao wetu wa wakati ule. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, miezi michache tu kabla ya video hiyo kutoka Novemba mwaka huo huo. Lakini mkongo kufika pwani ni jambo moja, na mwendo wa intaneti kwenye kafe ya Moshi ni jambo jingine. Video ya dakika tano uliitazama kwa vipande: sekunde kumi, inasimama, kiduara kinazunguka, sekunde nane, inasimama. Picha iliyosimama hutoa alama. Pale iliposimama ndipo ulipoona msalaba, pembe, jicho. Mnada unahitaji mwendo ili uonekane ni mnada: huyu kaongeza, yule katulia, wa tatu kashusha miwani. Sisi tulipewa picha mgando, tukazisoma kama picha mgando zinavyosomwa.

Wimbo wenyewe, ukiusikiliza peke yake, hauna kosa. Ulisikika kwa mara ya kwanza Oktoba 2009 mjini Paris, kwenye maonyesho ya mavazi ya Alexander McQueen, na mwezi huo huo ukatolewa kuitangulia The Fame Monster, kazi ya nyimbo nane ambayo Gaga alisema kila wimbo wake umejengwa juu ya hofu fulani. Uingereza ulishika namba moja, Marekani ukaishia namba mbili. Prodyuza ni RedOne, jina lake Nadir Khayat, mzaliwa wa Tetouan, Morocco, aliyehamia Sweden. Mapigo ni 119 kwa dakika, mwendo wa kutembea haraka na kiuno kikishiriki. Nusu ya kibwagizo si maneno, ni silabi za mdomoni tu, na ndiyo maana watoto wa mitaa yetu ya Majengo na Pasua waliweza kuuimba bila kudaiwa Kiingereza.

Ni wimbo wa mahaba mazito. Kwenye beti anashusha sauti mpaka inakaribia kuwa maongezi, anachombeza, kisha kwenye kiitikio anaifungulia yote. Anachodai ni cha ajabu kidogo: anataka ubaya wa mpenzi wake, anataka ugonjwa wake, anataka kila alicho nacho ilimradi kiwe cha bure. Shika hapo penye bure. Mwimbaji anasema hivyo mwanzoni kabisa, kabla hata wimbo haujakolea, halafu video inaendelea kwa dakika nne zaidi ikionyesha dunia ambayo hakuna kitu cha bure, kila kitu kina bei na bei inapanda.

Mwongozaji ni Francis Lawrence, ambaye mwaka 2007 alikuwa ametoa filamu ya I Am Legend, na ambaye kuanzia 2013 angeongoza filamu za The Hunger Games, zile za vijana wanaopelekwa kuuana huku nchi nzima ikitazama kwenye TV. Mtu huyu anajua kutengeneza hofu kwa vitu visafi. Hakuna damu kwenye "Bad Romance". Kuna vigae vyeupe, taa nyeupe, beseni la kuogea, usafi wa hospitali ya kulipia. Inaanza na kinanda kikipiga fuga ya Bach, aina ya muziki wa kale wa Ulaya, Gaga kakaa kwenye kiti katikati ya kundi lake, kidole kwenye spika, kisha kimya, halafu muziki unaingia. Wanawake wawili wanamtoa kwenye beseni, wanamvua nguo kwa nguvu, wanamnywesha pombe kwa nguvu. Kisha anapelekwa walipo wanaume.

Sisi wa Moshi mnada tunaujua. Kwa miaka mingi kahawa ya nchi hii imeletwa hapa kuuzwa, na kila mtoto wa Mchaga aliyesomeshwa na kihamba, shamba la ukoo, anajua hatua zake hata kama hajaingia jengo la mnada, Kahawa House. Arabika inamenywa, inaoshwa, inakaushwa, inakobolewa, inapangwa kwa ukubwa na umbo la punje: AA, A, B, PB. Sampuli inaonjwa. Shehena inapewa namba. Wanunuzi wenye leseni wanakaa, bei inatajwa, inapanda, inakomea kwa mmoja. Kahawa haiulizwi inataka kunywewa na nani, na hakuna ubaya wowote katika hilo, kwa sababu ni kahawa. Lawrence anampitisha mwanamke kwenye hatua zile zile. Anaoshwa, anamenywa, anaonjwa kwa macho, anapandishiwa bei. Mtu aliyekulia mji wa mnada alipaswa kuwa wa kwanza kuona.

Gaga mwenyewe hakuficha. Alieleza kwamba wazo lilikuwa kuonyesha jinsi tasnia ya burudani inavyoweza, kwa njia ya sitiari, kufanana na biashara ya kuuza binadamu, mwanamke akihesabiwa kuwa bidhaa. Hiyo ni kauli nyepesi kuisoma kama maneno ya msanii anayetangaza kazi yake. Mwaka 2014 akasema hadharani kwamba alibakwa akiwa na miaka 19, na mwaka 2021 akaeleza kwamba mtendaji alikuwa prodyuza. Sitaki kuifanya video iwe shajara yake, kwa kuwa sanaa haifanyi kazi hivyo, na yeye hakusema kwamba ndiyo habari ile. Ila baada ya kujua hilo, sitiari ya tasnia na mnada ikawa imekaribia sana ardhini.

Kinachonisumbua kila nikiitazama ni kwamba wimbo na video havikubaliani. Sikio linapewa mwanamke anayetaka: nakutaka, nautaka ubaya wako, tuandike mapenzi mabaya mimi na wewe. Jicho linapewa mwanamke aliyelazimishwa. Ukifumba macho, ni hiari tupu. Ukiziba masikio, ni utumwa. Video nyingi za muziki huchukua maneno ya wimbo na kuyachora. Akiimba mvua, inanyesha. Hii inaushitaki wimbo wake yenyewe. Inakuuliza: huyu unayemsikia akibembeleza, una uhakika gani kwamba anabembeleza kwa kupenda? Nani kamvalisha? Nani yuko nyuma ya kamera? Pombe ile alikunywa lini?

Na mtego wake uko kwenye uzuri wa kucheza. Anapotambaa kuelekea kwa wale wanaume, anacheza vizuri kweli kweli, na mapigo 119 yanakuvuta nawe utikise mguu. Ukipenda anavyocheza, umeshakaa kwenye kiti cha mnunuzi. Hilo hakuna Freemason aliyekufanyia.

Mwisho wake ndio unanipa shida. Mnunuzi aliyeshinda, mwenye kidevu cha chuma, anakaa kitandani akifungua shati. Gaga anamwendea, kitanda kinalipuka moto, kisha tunamwona amelala pembeni ya mifupa iliyoungua, anavuta sigara, sidiria inatoa cheche. Wengi wameusifu kama kisasi. Kwangu ni sehemu iliyolegea kuliko zote. Moto unakuja kirahisi, mrembo kupita kiasi, na anaungua mmoja tu. Wale wengine waliopandisha bei hatuoni wamepatwa na nini. Wale wanawake wawili waliomvua nguo hatuwaoni tena. Nyumba imesimama vile vile, na sina shaka kesho yake kuna mwingine beseni.

Mwaka jana nilikuwa kwenye Costa ya kwenda Arusha. Tulipopita Boma Ng'ombe konda akachomeka flashi ya nyimbo za zamani, na baada ya mbili tatu ikaja hiyo. Majeneza yalipofunguka, mama mmoja aliyekaa nyuma ya dereva akafoka.

"Konda, baba, hicho nini unatuwekea? Majeneza asubuhi yote hii?"

"Shikamoo mama. Ni wimbo tu huo, wa zamani."

"Marahaba. Toa. Mimi naenda kumwona mgonjwa Seliani, sitaki kuona sanda."

Na hapo nitamtetea mama, maana hofu yake ilikuwa ya kweli. Lawrence alitumia nyeupe kwa maana ya hospitali na maabara, lakini kwetu mtu aliyezungushiwa nyeupe anayeinuka kutoka kwenye sanduku refu ana maana moja, na huwezi kumwambia mwanamke anayekwenda hospitali asiione. Konda alifanya ustaarabu, akaruka wimbo.

Uliofuata ni wa Bongo Fleva, wa miaka hii. Kijana na cheni zake kaegemea gari kando ya bwawa la kuogelea. Wasichana watano wanakata kiuno. Nilianza kuangalia kwa makini kwa sababu ya kilichotangulia, na nikagundua kamera haipandi. Inaanzia kiunoni, inashuka mpaka gotini, inarudi. Wimbo mzima wasichana wale hawakuwa na vichwa. Kijana tulimwona sura kwa pembe zote, hata gari tulilisoma namba. Hapakuwa na jeneza, hapakuwa na msalaba, na hakuna abiria aliyeguna. Kikatiti mama alikuwa amesinzia.

Ukiniuliza ipi kati ya video zile mbili inatisha, siulizwi mara mbili. Ya kwanza ilimwonyesha mwanamke akifanywa bidhaa na ikahakikisha hukai vizuri kwenye kiti. Ya pili ilimfanya bidhaa tukasinzia.

Vyombo vyetu vya usimamizi vinapima kwa kipimo kile kile cha mama wa Costa, pasipo kisingizio cha mgonjwa Seliani. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Novemba 2018 liliufungia "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa maneno yaliyoonekana ya ngono, na walipouimba jukwaani mwezi uliofuata wakasimamishwa wenyewe kufanya maonyesho, mpaka walipofunguliwa Januari. Mei 2022 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikavitaka vituo visionyeshe video ya "Mtasubiri" ya Diamond na Zuchu kwa sababu ya vipande vya kanisani, kwaya ikiimba na mwimbaji anatoka ibadani kwa ajili ya mpenzi. Maneno ya chumbani, urefu wa nguo, heshima ya nyumba ya ibada: hivyo ndivyo vinavyopimwa. Bado sijaona wimbo uliofungiwa kwa sababu msichana na gari vimekodiwa kwa siku moja na kupaki pamoja pembeni ya bwawa. Wala siombi ufungiwe. Kufungia kunafundisha watu kuogopa mkasi, na video ya wasichana wasio na vichwa itapita kwenye mkasi huo ikiwa imefunika mapaja, bado haina vichwa.

Nirudi kwa Gaga, maana naye hana mikono misafi. Pombe inayomwagwa kwa nguvu kwenye kinywa cha mateka ina jina: ni vodka ya Nemiroff, na inaonekana. Kompyuta za wanunuzi ni za HP. Spika zina kampuni yake. Video inayolalamika kwamba mwanamke anageuzwa bidhaa imejaa bidhaa. Mashabiki wake watakwambia hiyo ni kejeli ya makusudi, kwamba hata tangazo linaingia kwenye hoja. Inawezekana. Mimi naona ni ankara za studio zilihitaji kulipwa, na kejeli ikapatikana bila kutafutwa. Vyovyote iwavyo, soko lilimlipa kwa kulisema soko: kwa miezi kadhaa ya 2010 ilikuwa video iliyotazamwa kuliko zote YouTube, mpaka Justin Bieber alipoipita Julai, na Septemba hiyo ikachukua tuzo saba za MTV, ikiwemo ya video bora ya mwaka. Usiku huo Gaga alipanda jukwaani na gauni la nyama mbichi ya ng'ombe. Dunia nzima ikajadili. Hapa Arusha na Moshi kosa kubwa lilionekana kuwa haikuchomwa.

Swali linalonihusu zaidi ni kwa nini kwetu hatutengenezi ya namna hiyo, na sizungumzii majeneza. Uwezo upo. Arusha imewahi kutoa kundi la hip hop la X Plastaz, waliosimama na mashuka ya Kimaasai wakati kila mtu anaiga New York, na baadaye Weusi, ambao picha zao zilikuwa na akili. Nisher, mwongozaji wa video, alifanya kazi zake akiwa huko huko Chuga, yaani Arusha. Kamera iliyotumika kuwakata vichwa wale wasichana watano ni nzuri kuliko kamera nyingi za 2009, na mlima, ukungu wa Marangu, mabohari ya kahawa ya enzi ya mkoloni pale karibu na reli, vyote vipo bila kodi ya seti. Video ya kutisha inaweza kupigwa Moshi kwa wiki moja.

Sababu ninayopewa na wasanii ni ya pesa, na si ya kuchekwa. Msanii wa Bongo anaishi kwa shoo na ubalozi wa makampuni. Kampuni ya simu au ya unga haitaki sura ya balozi wake imsumbue mteja usingizini. Kwa hiyo anabaki mzuri, msafi, mwenye gari, na video inabaki tangazo la yeye mwenyewe. Kubali kuonekana mbaya kwa dakika tano na mkataba unaweza usirudi.

Lakini chupa ile ya vodka inaniharibia hesabu hiyo. Jina la kampuni limeonekana mikononi mwa watu wanaomlazimisha mwanamke kunywa, duniani kote, na hakuna aliyefilisika. Gaga kwenye fremu zake nzuri kuliko zote ana macho yaliyokuzwa kwa kompyuta mpaka yamepita kidogo kiasi cha binadamu, au ana sura tupu isiyo na vipodozi vizito, machozi yanatoka, na alikuwa ndio kwanza ana miaka 23, jina halijakaa. Alikuwa na cha kupoteza kuliko nyota wetu wa leo wenye miaka kumi kwenye gemu.

Basi tusianze na kubwa. Hatuhitaji moto wala mifupa. Mwongozaji yeyote wa Arusha au Moshi mwenye wimbo wa mahaba mezani na wasichana watano waliokwisha kulipwa nusu siku ajaribu kitu kimoja: apandishe kamera. Awape nyuso. Amwachie mmoja wao atazame kioo sekunde nne, bila kutabasamu, wakati kijana anaimba kwamba anampenda. Halafu aiweke kwenye Costa tuone kama atasinzia mtu.